Shairi Lisilo na Vina: Jinsi Kitabu cha "Kichomi" Kilivyopokewa

(Haya ni maneno ya somo lililosomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya watu wazima ya Kinondoni na Temeke. Mwalimu wa darasa ayasome tena pole pole, kisha wanafunzi wayasome kwa zamu.)

Najua ya kuwa wengi wenu mmetoka kazini, na wengine hamjala bado. Basi sitawachosha. Nataka kuwaeleza habari ya kitabu kimoja chembamba cha mashairi na ugomvi kilioleta. Mwisho wa somo nitawaambia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifanya nichague somo hili.

Maneno ya leo

Fungueni madaftari. Mwalimu ataandika maneno matano ubaoni: ubeti, mshororo, kina, mizani, guni. Tuyaeleze moja moja.

Sikilizeni mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya somo:

Mama kaenda sokoni, amerudi na kikapu,
Kaweka chini jikoni, mchicha na nyanya tupu.

Mstari mmoja wa shairi huitwa mshororo. Mishororo kadhaa ikikaa pamoja huwa ubeti, na katika mashairi mengi ya Kiswahili ubeti una mishororo minne. Sasa tazameni: "sokoni" na "jikoni" yaishia kwa sauti moja, yaani "ni". "Kikapu" na "tupu" yaishia kwa "pu". Sauti hizo zinazofanana ndizo vina. Kimoja huitwa kina.

Haya, hesabuni kwa vidole: ma-ma-ka-e-nda-so-ko-ni. Ni nane. Kisha: a-me-ru-di-na-ki-ka-pu. Ni nane tena. Hesabu hiyo ndiyo mizani. Mshororo mzima una mizani 16, nane huku na nane huku, kama mzigo uliogawanywa sawasawa kwenye mti wa mpagazi. Shairi likikosea vina au mizani, wazee wa ushairi huliita guni. Neno hilo si la sifa. Ni kama kumwambia fundi seremala kwamba meza yake inachechemea.

Kwa nini wazee walipenda vina?

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kujitesa kuhesabu? Jibu liko karibu nasi. Zamani wengi wa watu waliopenda mashairi hawakusoma karatasi. Walisikia, wakashika, wakayapeleka nyumbani vichwani mwao. Kina kilikuwa mpini wa kushikia maneno. Ukisahau neno, kina hukukumbusha. Ukikosea, mizani hukusuta. Kwa njia hiyo maneno mengi ya hekima yalivuka miaka mingi bila kumwagika njiani.

Na ni urithi mkubwa. Utenzi wa Tambuka ulitungwa Pate, pwani ya Kenya, mwaka 1728. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alisifika kwa mashairi ya ubeti wa mishororo minne. Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alipendwa na watu wa bara na pwani. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi, ambaye baadaye alipata kuwa Meya wa mji wetu wa Dar es Salaam, alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Watu wengi walijifunza kutunga kwa kukisoma kitabu hicho. Washairi na wapenzi wa lugha walianzisha pia chama chao, UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Basi kumbukeni jambo hili tunapoendelea. Watu waliokasirika mwaka 1974 hawakuwa watu wabaya. Walikuwa walinzi wa nyumba waliyoikuta imejengwa.

Kijana wa Ukerewe

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Lugha ya kwao ilikuwa Kikerewe. Alisoma katika seminari, kisha akaja Dar es Salaam kusoma Chuo Kikuu, pale Mlimani. Alimaliza mwaka 1970.

Mwaka 1971 alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Ilisema waziwazi mambo ya wasichana na wanaume ambayo watu walizoea kuyanong'ona, na kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni. Kwa hiyo jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana, na si watu wote waliolitaja kwa wema.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 30, alitoa kitabu cha mashairi kiitwacho Kichomi. Neno hilo mnalijua. Ni maumivu yale ya kuchoma ubavuni au kifuani, yanayomfanya mtu ashindwe kuvuta pumzi. Mshairi alikipa kitabu jina la ugonjwa, na watu walipokifungua wakaona ya kuwa mashairi yake hayana vina wala mizani ile waliyoizoea. Mstari mmoja mrefu, mwingine una neno moja tu. Hata mambo yaliyosemwa yalikuwa mageni. Mtu mmoja amesimama peke yake, anauliza maana ya kuishi na ya kufa. Anatazama nchi yake baada ya uhuru, anasema yanayomwuma.

Ili muelewe tofauti, nitaichukua habari ile ile ya mama na kikapu, niiseme kwa namna ya pili. Maneno haya pia ni yangu:

Mama amerudi.
Kikapu
chepesi.
Watoto wanakitazama kikapu,
hawamtazami mama.

Hesabuni mizani. Haikubali. Tafuteni vina vya kati na vya mwisho. Havimo. Lakini je, hamkuona kitu? Neno "chepesi" limesimama peke yake, nasi tumesimama nalo. Hiyo ndiyo kazi ya mistari ya namna hii. Mashairi hayo watu huyaita mashairi huria, na wengine huyaita masivina.

Watu walisemaje?

Walisema mengi, magazetini na katika vitabu. Nitayapanga katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilisema: hili si shairi. Ni maneno ya kawaida yaliyokatwakatwa. Kama mtu aweza kukata barua yake vipande na kuiita shairi, basi kila mtu ni mshairi, na ushairi umekufa.

Fungu la pili lilisema: jambo hili ni la kigeni. Vijana wamelitoa katika vitabu vya Kizungu walivyosoma Chuo Kikuu, wakalileta kutuharibia urithi wetu.

Fungu la tatu lilisema: huu ni uvivu. Kutunga kwa vina ni kazi ngumu, na hawa vijana wameshindwa, sasa wanauita ushindi kushindwa kwao.

Miongoni mwa waliotetea vina walikuwamo watu wakubwa. Alikuwamo Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, aliyetumia mashairi katika kazi ya kudai uhuru. Alikuwamo Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Huyu alifungwa nchini Kenya tangu mwaka 1969 hata 1972 kwa sababu ya maandishi ya siasa. Gerezani alitunga kwa siri, akaandika juu ya karatasi za chooni. Mashairi hayo yakatoka mwaka 1973 katika kitabu Sauti ya Dhiki, na yote yamefuata kanuni. Hoja yake ilikuwa na nguvu, maana mtu angeweza kuuliza: ikiwa mfungwa aliweza kusema uchungu wake wote ndani ya vina, mtu aliye huru anashindwaje? Hata katika miaka ya 1980 ugomvi haukuwa umekwisha. Jumanne Mayoka alitoa kitabu kizima juu ya mgogoro huo.

Vijana nao walijibu. Walisema vina na mizani ni nguo ya shairi, si roho yake. Walisema tena: mnaposema shairi la Kiafrika lazima liwe na vina, mnasahau nyimbo za ngoma, za kilimo, za kubembeleza watoto na za misiba katika makabila yetu mengi. Nyingi hazina vina, na hakuna Mzungu aliyewafundisha bibi zetu kuziimba. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976, na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Katika kitabu hicho cha pili walieleza upya sanaa ya kutunga.

Wako waliodhani kuwa huu ni ugomvi wa bara na pwani tu, kana kwamba mtu wa bara hajui vina. Hapana. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943, mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile, ni mtu wa pwani kabisa, naye aliandika mashairi huria siku zile zile.

Mambo kama haya yalitokea Uingereza

Msidhani ni sisi tu. Mwaka 1798 vijana wawili wa Uingereza, William Wordsworth na Samuel Taylor Coleridge, walitoa kitabu cha mashairi yaliyotumia maneno ya watu wa kawaida na habari za wanakijiji. Wasomaji wengi walishangaa, na baadhi ya wahakiki wakakikosoa. Mwaka 1800 Wordsworth alilazimika kuandika maelezo marefu ya kujitetea.

Baada yao alikuja John Keats. Baba yake alikuwa mtunza farasi, naye mwenyewe alijifunza kazi ya dawa. Mwaka 1818 alitoa shairi refu. Magazeti mawili makubwa yalimshambulia vibaya. Moja lilimcheka kwa asili yake, likamwambia arudi dukani kwake akauze dawa. Tazameni vizuri hapo, wasikilizaji. Hawakusema tu kwamba mstari huu ni mbaya na ule ni mzuri. Walisema: wewe si mtu wa kazi hii. Keats alikufa kwa kifua kikuu mjini Rome mwaka 1821, na umri wake ulikuwa miaka 25. Leo anahesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha ya Kiingereza. Yeye hakuyaona hayo.

Kezilahabi aliishi akayaona. Kichomi kilisomwa na kufundishwa vyuo vikuu. Aliandika riwaya nyingine, akasoma hata kupata udaktari wa falsafa nchini Marekani, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana. Alitoa Karibu Ndani mwaka 1988, na Dhifa mwaka 2008. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Na vina navyo havikufa, kama watu walivyohofu. Hata leo watu hutunga kwa vina na mizani, na wapenzi wao ni wengi. Nyumba ya zamani haikubomoka. Imeongezwa chumba.

Jambo linalotuhusu sisi

Nina fikira moja nataka kuwapa, nanyi mwipime. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, karibu 67 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia mwaka 1975 wasiojua walikuwa wamepungua hata karibu 39 katika 100. Kichomi kilitoka katikati ya kazi hiyo.

Nimesema ya kuwa kina ni mpini wa kushikia maneno kwa asiyekuwa na karatasi. Lakini aliye na karatasi, na anayeweza kuisoma, karatasi humshikia. Aweza kuliacha neno moja likae peke yake kwenye mstari, kesho akirudi alikute palepale. Kwa hiyo ninyi mliojifunza kusoma mnazo njia zote mbili. Mnayo masikio ya wazee, na mnayo macho ya msomaji. Asitokee mtu akawanyang'anya mojawapo.

Kosa langu

Sasa nitasema lile nililoahidi. Siku moja nilitembelea darasa la watu wazima upande wa Temeke. Niliwaambia wanafunzi waandike shairi nyumbani. Juma lililofuata mama mmoja, muuza vitumbua, aliniletea nusu ukurasa. Alikuwa ameanza kujifunza herufi mwaka ule ule. Aliandika juu ya kiti cha marehemu mume wake. Aliandika kwamba kiti kipo, mwenye kiti hayupo, naye kila asubuhi anakifuta vumbi. Herufi zilipanda na kushuka, lakini zilisomeka.

Mimi nilikuwa na haraka. Nilitazama vina, sikuviona. Nikahesabu mizani, haikutimia. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, hili si shairi. Hili ni guni."

Akasema, "Sawa, mwalimu." Akakunja karatasi, akaifunga katika pindo la kanga.

Juma la pili hakuja. Juma la tatu hakuja. Nilirudi nyumbani nikakitazama kitabu cha Kichomi nilichokisoma chuoni. Nilikuwa nimepata alama nzuri kwa kueleza ugomvi wa mwaka 1974. Niliweza kutaja nani alisema nini. Na nilipoletewa karatasi mkononi, nilifanya lile lile, tena bila elimu ya wale wazee, maana wao walijua kutunga na mimi sijui.

Nilimfuata sokoni. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nilikosea. Naomba ile karatasi niisome tena."

Akanitazama akacheka kidogo. Akasema, "Mwanangu, ile nilifungia vitumbua."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtu fulani alinunua vitumbua vyake asubuhi, akala, akatupa karatasi. Mama alirudi darasani, na ameandika mengine, na amenipa ruhusa nisimulie habari hii bila kutaja jina lake. Lakini lile la kwanza limepotea. Nilimwomba aliandike tena. Akasema hakumbuki lilivyokwenda. Lingekuwa na vina, labda angelikumbuka. Hapo wazee wa vina wana haki yao, nami nawapa. Lakini aliyelipoteza si yeye. Ni mimi.

Kwa hiyo nasema hivi. Mtu akikuletea maneno yake ya kwanza, msomaji wa kwanza ni wewe. Huenda hatapata wa pili. Kwanza soma ujue anasema nini. Kisha uliza kama umeelewa sawa. Baada ya hapo ndipo ufundishe vina, mizani, nukta na herufi kubwa. Kezilahabi alikuwa na shahada na mchapaji, aliweza kustahimili kelele. Keats alikuwa na marafiki waliomtetea. Mama wa vitumbua alikuwa na pindo la kanga tu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kina ni nini? Mizani ni nini? Toeni mfano mmoja mmoja wa kwenu wenyewe.
2. Waliopinga Kichomi walisema mambo matatu. Yatajeni. Lipi mnaliona lina nguvu zaidi, na kwa nini?
3. Katika kabila lenu au mtaa wenu, kuna wimbo usio na vina? Huimbwa wakati gani?
4. Ungekuwa wewe ni mwalimu siku ile, ungemwambia nini yule mama?

Kazi ya nyumbani

Kila mmoja aandike mistari mitano juu ya kitu kimoja kilichomo nyumbani mwake. Chaweza kuwa sufuria, kitanda, taa au kiti. Mwenye kutaka vina, atie vina. Asiyetaka, asitie. Mwenzako akisoma, msimkatize mpaka amalize. Na karatasi ziwekeni mahali pakavu.

Juma lijalo tutasoma jinsi ya kujaza fomu ya kufungulia akaunti benki. Mpaka hapo, wasikilizaji wapenzi, nawatakia usiku mwema. Kwaherini.